Guta la Robanda
Nimezaliwa Robanda, kando ya barabara iendayo lango la Ikoma la Hifadhi ya Serengeti. Magari ya watalii yalitupita kila kiangazi, nami nikakua nikiamini kwamba mashine ni kitu cha kuletwa, na kazi yetu ni kuziba pancha. Ndivyo nilivyojifunza ufundi baiskeli.

Walionigeuza ni watu wawili. William Kamkwamba wa Malawi alikatishwa shule na njaa ya mwaka 2002, akasoma kitabu cha maktaba, akaunda kinu cha upepo kwa dinamo, fremu chakavu ya baiskeli na mabomba ya plastiki. Juni 2007 alisimama Arusha, nchini mwetu, akakieleza mbele ya wageni wa dunia nzima. Wa pili ni Bernard Kiwia wa Arusha, fundi baiskeli kama mimi, aliyeunda chaja ya simu inayoendeshwa na baiskeli. Huyu ndiye aliyenikosesha usingizi. Vipuri alivyotumia vilikuwa vimejaa kibandani kwangu.

Nikaamua kuunda guta, baiskeli ya mizigo ya magurudumu matatu, la kubebea maji. Madumu sita ya lita 20 ni kilo 120, na dada zangu walikuwa wakiyabeba kichwani, moja moja. Fremu haikunisumbua, kazi ilikuwa nyuma. Ukiyafunga magurudumu yote mawili ya nyuma kwenye ekseli moja, ukikata kona gurudumu la nje lina safari ndefu kuliko la ndani, lakini yamelazimishwa kuzunguka sawasawa, hivyo tairi huburuzika na guta hukataa kugeuka. Gari lina difu kwa ajili hiyo. Mimi nilichomelea gurudumu la kushoto kwenye ekseli ili livutwe na cheni, la kulia nikaliacha lizunguke huru juu ya beringi. Guta likakata kona! Nilimshukuru Mungu kwa sauti. Tangu siku hiyo, gari likipita naona kazi ya mtu aliyeketi akawaza, kama nilivyowaza mimi.

Vijana wanaokuja kujifunza kwangu sasa siwaanzishi na pancha. Nawapa ekseli waifungue, kisha waniambie kila kipande kinafanya nini.

Kwa sasa tunahangaikia breki ya guta. Mpira wa breki ya baiskeli hauwezi mzigo ule mteremkoni, kwa hiyo tunajaribu breki ya ngoma ya pikipiki. Mwenye habu ya nyuma aliyoitupa uani, atuletee.