Kilima Nilichokiandika Kabla ya Kukipanda

Niliwahi kuandika habari kuhusu kilima cha Ngasamo bila kukikanyaga. Nilikuwa ndiyo kwanza nimetoka chuo, nalipwa kwa kila habari inayotoka, na siku hiyo nilikuwa kwenye semina ya waandishi jijini Mwanza. Mada ilikuwa fursa za madini Kanda ya Ziwa. Chai ilikuwa nzuri, sambusa zilikuwa za moto. Nikarudi na aya tano. Katika aya ya tatu niliandika kwamba nikeli imegunduliwa kwenye vilima viwili, Wamangola kule Dutwa, Bariadi, na Ngasamo wilayani Busega, "vilima ambavyo kwa sasa havina shughuli yoyote."

Habari ikatoka, ikasomwa na redioni. Jioni simu ikaita. Alikuwa Baba Mkubwa, kaka yake marehemu baba, ambaye amezaliwa, ameoa na amezeekea chini ya kilima hicho.

"Mayu," akaniambia. Wasukuma huwaita hivyo hata mabinti zao, kama vile wanamwita mama. "Nimesikia jina lako redioni. Umetuheshimisha. Ila hapo uliposema hapana shughuli, ng'ombe wangu huwa wanakwenda wapi?"

Nikacheka. Yeye hakucheka.

Nimeishi na swali hilo miaka mingi kuliko ninavyopenda kukiri. Mwezi Juni uliopita likarudi kwa njia nyingine. Baba Mkubwa alinipigia akasema kuna dalali anazungukia kaya zilizo chini ya kilima, ananunua mashamba kwa bei inayotia tamaa. Sehemu aliyoachiwa baba yangu, ekari nne, imo. Kikao cha ukoo kitakaa Jumapili, na mimi ndiye mtoto mkubwa wa marehemu. Nije niseme neno.

Nilipanda basi Mwanza alfajiri. Ukishapita Magu, mawe ya Mwanza yale yaliyobebana kama mizigo ya sokoni yanaanza kupungua, nchi inalala chini. Nyashimo, kisha Lamadi, unaacha barabara ya Musoma na kushika ya Bariadi, lami ya kama kilomita 72. Juni ni mwezi wa pamba. Kila ghala la ushirika lilikuwa na marobota na foleni, na nyuzi nyeupe zilikuwa zimenasa kwenye minyaa ya barabarani. Dutwa nikashuka, nikachukua bodaboda.

Sitawadanganya, nilikwenda na hotuba yangu kichwani. Nilikuwa nimesoma kiasi. Nilijua kwamba kampuni ya Uingereza ilitoboa vilima vile kwa utafiti, ikaondoka bila kufungua mgodi. Nilijua pia kwamba nikeli ya pale si kama ile ya Kabanga, Ngara, inayofuatwa chini sana kwenye mwamba. Hii imo ndani ya mwamba uliooza kwa mvua na jua kwa mamilioni ya miaka, ipo karibu na juu, kwa hiyo haifuatwi kwa shimo refu. Inakwanguliwa. Maana yake, anayeitaka nikeli ya Ngasamo anakitaka kilima chenyewe. Na dunia inazidi kuitaka, kwa chuma kisichoshika kutu na kwa betri za magari ya umeme. Nilipanga kusema yote haya Jumapili, kisha nimalizie na urithi, mababu, na uzuri wa nchi yetu.

"Shikamoo, Baba Mkubwa."

"Marahaba, mayu. Kesho asubuhi tutapanda. Huwezi kuzungumzia kitu usichokijua."

Tukaondoka saa kumi na mbili, yeye na fimbo yake na matobolwa kwenye mfuko wa shati, mimi na viatu vya mazoezi ambavyo nilidhani vingenisaidia. Ana miaka sabini na kitu. Kila nilipoomba kupumzika alijifanya anataka kunionyesha jambo, ili nisione aibu.

Ndivyo nilivyosoma udongo. Chini kabisa ni mbuga, udongo mweusi ambao ukiloa unavua viatu na ukikauka unapasuka nyufa za kuingiza mkono. Juu kidogo ya mbuga kuna itogolo, gumu, jembe linagonga kama linagonga sakafu. Hapo hulimwi, hapo hulishwa. Ukipanda tena ni luseni, mchanga mwepesi, pa viazi na karanga. Kisha mawe yenye rangi ya kutu. Wataalamu wa udongo wamechora ngazi hii kwenye vitabu vyao, na majina mengine wameyachukua kwa Wasukuma hawahawa. Baba Mkubwa hakuhitaji kitabu. Aliniambia tu kwamba maji ya mvua huanzia hapa juu, yakishuka yanamgawia kila mtu kwa zamu, na mwenye shamba chini anajua mwaka wake utakuwaje kwa kutazama kilima kinavyoshika mawingu.

Katikati ya mteremko tukafika kwenye ngitili yake. Ni malisho yaliyofungwa wakati wa masika ili nyasi zisimame, ng'ombe wafunguliwe wakati wa kiangazi. Ni desturi ya zamani, ila ilikaribia kufa. Miti ya Usukuma ilikatwa sana, mingine ili kuwafukuza mbung'o wakati wa mkoloni, mingine kupisha pamba. Mwaka 1986, Bariadi ikiwa bado ndani ya mkoa wa Shinyanga, ulianza mradi wa HASHI, yaani Hifadhi Ardhi Shinyanga, na watu wakahimizwa kuzirudisha ngitili zao. Baba Mkubwa alikuwa kijana mwenye nguvu wakati huo. "Tulipoanza," alisema, "ungeweza kumwona sungura kutoka nyumbani." Sasa hata mbuzi hawaonekani.

Basi hiyo ndiyo sehemu isiyokuwa na shughuli. Niliangalia chini, nikajifanya nafunga kamba za kiatu.

Kileleni upepo ulikuwa mkali. Chini kulikuwa na paa za bati zinazometa, viraka vya pamba, mistari ya minyaa, njia za ng'ombe zilizokutana kisimani kama vidole. Kaskazini mashariki nchi ilipotelea kwenye ukungu. Huko ndiko Serengeti. Baba Mkubwa akanyoosha fimbo kaskazini magharibi.

"Nyanza ile pale."

Niliona mstari mweupe. Ungeweza kuwa ziwa, ungeweza kuwa moshi wa kiangazi. Nikasema naona. Nadhani alijua kwamba sina hakika, maana hakuongeza neno.

Nikamkumbuka Speke. Tarehe 3 Agosti 1858, mwenzake Burton akiwa amebaki Kazeh, Tabora, Speke alipanda kilima karibu na Mwanza, akaliona ziwa, akalipa jina la malkia wake. Ghuba iliyo mbele ya Busega leo inaitwa kwa jina lake mwenyewe. Waliomwongoza njia walikuwa na jina lao kwa yale maji, walikuwa wakivua na kusafiri humo. Lakini yeye ndiye aliyekuwa na daftari. Shuleni nilijibu mtihani kwamba "aligundua," nikapewa vema.

Zamani nilikuwa nikimcheka Speke. Pale juu sikuwa na nguvu ya kumcheka. Yeye angalau alipanda. Mimi niliandika nikiwa nimekaa mbele ya sambusa.

Nilipomaliza kupumua vizuri nikaanza hotuba yangu. Nikasema hatuwezi kuuza. Nikataja mababu. Nikataja uzuri. Baba Mkubwa alitafuna tobolwa lake taratibu hadi nikafika mwisho.

"Mayu, uzuri naujua. Nimeuangalia kila siku. Lakini mjukuu wangu anaingia kidato cha tano, na kilima hakilipi ada. Bei ya pamba mwaka huu unaijua. Wewe unakaa mjini, unakipenda kilima kwa siku mbili unaondoka. Mimi nikikipenda, nakipenda na njaa."

Sikuwa na jibu. Kwa mara ya pili mtu yuleyule alikuwa ameniuliza swali lilelile kwa maneno tofauti. Mara ya kwanza nilisema mahali pake hapana shughuli. Safari hii nilimwambia mahali pake ni pazuri. Zote mbili zilikuwa kauli za mtu anayepita.

Tukashuka kimya. Magoti yangu yalitetemeka, yake hayakutetemeka.

Jumapili kikao kilikaa chini ya mwembe. Sikuhutubia. Niliuliza maswali, kazi ambayo ndiyo niliyosomea. Dalali ananunua kwa ajili ya nani? Hakuna aliyejua. Shamba limepimwa? Hapana, mpaka ni minyaa na kumbukumbu za wazee. Mgodi ukija kweli, fidia italipwa kwa nani? Kwa mwenye karatasi. Mmoja wa binamu zangu akasema, basi tunauziwa haraka kwa sababu kuna mtu anajua jambo tusilolijua. Watu wakaguna.

Tulikubaliana mambo mawili. Kwanza, kila kaya iombe kijijini hati ya hakimiliki ya kimila, kama inavyoruhusiwa na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, na hakuna kuuza kabla ya hapo. Pili, ada ya kidato cha tano nitalipa mimi. Hili la pili lilipendekezwa na shangazi, mbele ya watu wote, huku akinitazama. Nilistahili.

Baada ya hati, Baba Mkubwa anaweza kuuza. Amesema hivyo waziwazi, na sitamzuia. Itakuwa nikeli yake, njaa yake, na kilima kilichomlea yeye na si mimi. Ninachoweza kufanya ni kuhakikisha kwamba siku ya kuuza atakuwa anajua anauza nini na kwa nani.

Kama ungependa kwenda kuona mandhari ya Simiyu, nenda. Shukia Dutwa, amka mapema, beba maji, salimia watu kwa "mwangaluka," na umtafute mwenyeji wa kukupandisha. Juu utaona mstari mweupe kaskazini magharibi. Wenyeji watakuambia ni ziwa.

Na ile aya ya tatu, baada ya miaka yote hii, inahitaji masahihisho: vilima vile vina shughuli. Mwandishi hakuwa amefika.