Kuku wa Manyoya ya Pamba Kati ya Wenyeji

Karani mmoja wa mjini Kisii, ambaye kwao ni upande wa Nyamira, alinunua vifaranga sita wa namna ya Silkie, wenye umri wa majuma kumi hivi, akawapeleka nyumbani siku ya Jumamosi ndani ya kikapu. Abiria wenzake garini walicheka, kwa maana kuku hawa hawafanani hata kidogo na engoko ya Abagusii. Manyoya yao ni laini kama pamba, ngozi yao ni nyeusi, na kila mguu una vidole vitano badala ya vinne. Asili yao ni nchi za Mashariki, hasa Uchina, na katika karne ya 13 Marco Polo alitaja habari za kuku wa huko wenye manyoya kama ya paka.

Karani hakuwanunua kwa ajili ya urembo. Alikuwa amesikia, nayo ni kweli, kwamba tembe wa Silkie hupenda mno kuatamia, hata mayai yasiyo yake. Alikusudia kuwapa mayai ya kuku wa mama yake, ili wale wa kienyeji waendelee kutaga badala ya kukaa siku 21 juu ya mayai, kisha majuma mengi tena wakilea. Fedha za mayai ndizo zilizonunua sabuni na chumvi ya yule mama, na sehemu ya karo ya mtoto wake wa mwisho. Katika karatasi hesabu ilikuwa nzuri. Lakini alipofika aliwafungua wageni wake mchana katikati ya uwanja, mbele ya kuku wote, akaingia ndani kunywa chai.

Yafaa msomaji ajue kwamba kuku hawakai ovyo. Vifaranga wa mama mmoja, wakipata majuma mawili au matatu, huanza kurukiana kifua kwa kifua. Mwanzoni ni mchezo, wala hapana anayeumia. Lakini wakifika miezi miwili au kupita kidogo, kila mmoja amekwisha kujua nani wa kumpisha penye chakula na nani wa kumdonoa. Bwana mmoja wa Norway, Thorleif Schjelderup-Ebbe, aliyewatazama kuku tangu utoto wake, alieleza utaratibu huo katika maandishi yaliyochapwa mwaka 1922. Kuku huwatambua wenzao kwa sura, hasa kichwa na upanga, kwa hiyo vita havirudiwi kila siku. Mgeni hana cheo chochote, basi kila mmoja hutaka kumpima.

Na Silkie hana silaha ya kupimwa nayo. Kishungi humfunika macho, asione pigo linatoka wapi. Tena mwenyeji akishindwa huruka juu ya ua akaokoka, bali Silkie hawezi kuruka. Pora mmoja mwekundu alianza, wengine wakafuata, na mgeni mmoja alipotoka damu kichwani wote walimwendea, maana kuku wakiona damu hawaachi kudonoa. Alasiri mvua ikanyesha, kama ilivyo desturi ya milima ile, na manyoya ya pamba hayazuii maji. Usiku wenyeji walilala juu ya vijiti vyao, wageni wakarundikana pembeni sakafuni wakitafuta joto. Asubuhi wawili walikuwa wamekufa, yule wa jeraha na mwingine aliyelaliwa na wenzake.

Karani kwa hasira alitaka kumchinja yule pora. Mama yake akamzuia. "Mwanangu," alisema, "ukimchinja huyu, kesho mwingine atashika mahali pake. Ni wewe uliyeingiza wageni bila kupiga hodi."

Mama huyo hakupata kusoma maandishi ya Norway. Aliwafunika wale wanne kwa tenga uwanjani, mahali pakavu, wakawa wanaonana na wenyeji bila kugusana, na chakula akakimwaga pande zote mbili za tenga. Aliwapunguza vishungi kwa mkasi. Baada ya majuma mawili aliwaingiza bandani usiku, wakati kuku hawaoni vizuri, na kulipokucha akaweka chakula mahali patatu, ili anayefukuzwa hapa apate kula pale. Ugomvi ulikuwapo, lakini si wa kuua. Wageni wakabaki wa mwisho kwa cheo, ila walikula na kunenepa.

Hata hivyo hesabu ya karani ilipata pengo jingine. Jogoo na tembe wa Silkie ni vigumu kuwatofautisha wakiwa wadogo, na katika wale wanne wawili walianza kuwika.

Wa kwanza kati ya matembe wawili alitaga alipokuwa na miezi minane, na baadaye akaatamia. Kwa kuwa ni mdogo wa mwili alipewa mayai saba tu ya kienyeji, akatotoa sita. Siku ya tatu kuku mkubwa mwekundu, aliyezoea kumfukuza penye mahindi, alijongea kama kawaida yake. Silkie akatutumua manyoya, akamrukia usoni. Yule mkubwa akarudi nyuma mpaka chini ya ghala, akasimama huko akitazama.

Jumamosi hiyo karani alimkuta mama yake ameketi juu ya kigoda, akihesabu vifaranga sita wekundu wakitoka na kuingia chini ya kuku mweupe.