Nilitia sahihi bila kusoma

Ndugu zangu wa Salale, mimi ni bwana shamba. Kazi yangu ni mpunga, minazi na mikorosho. Sheria sikusomea. Nilisomea kilimo nikapata cheti. Lakini siku hizi watu wakinisimamisha njiani hawaulizi habari za wadudu. Wanauliza: "Bwana shamba, nataka kuuza kipande changu. Niweke wakili?"

Nitajibu. Kwanza nieleze kosa langu.

Mwaka 2012 nilikuwa bado mgeni kazini. Mama mmoja mjane alikuwa na shamba la minazi alilorithi kwa baba yake. Mtoto wake aliugua, akahitaji fedha upesi. Akaja mtu kutoka mjini. Akasema atampa fedha, naye atachuma nazi mpaka deni liishe. Sisi watu wa pwani tunaijua desturi hii. Ni rehani. Shamba linabaki la mwenyewe.

Yule mtu alileta karatasi iliyopigwa chapa, ina mhuri mwekundu. Alisema imeandikwa na wakili. Mama hakujua kusoma wakati ule. Aliweka dole gumba. Mimi niliitwa kuwa shahidi, kwa sababu nina kalamu na watu wananiamini. Maji yalikuwa yanakupwa na mashua inaningoja. Niliitazama karatasi juu juu, nikatia sahihi.

Miaka mitatu baadaye yule mama aliingia darasa la kisomo. Siku moja alinijia na nakala ya ile karatasi, ameifunga kwenye pindo la khanga. Aliweka kidole chini ya neno moja, akalisoma polepole: "Ni-me-u-za." Akaniuliza, "Bwana shamba, hapa si pameandikwa nimeuza?"

Sikuwa na jibu. Chini ya neno hilo lilikuwapo jina langu.

Tulipofuatilia tukaona kuwa mwandishi wa karatasi hakuwa wakili hata kidogo. Watu wa namna hiyo wanaitwa vishoka. Wakili wa kweli amesomea sheria, ameapishwa, na jina lake limo katika orodha ya mawakili inayotunzwa na Mahakama. Kila mwaka anahuisha leseni yake. Basi usione haya kumwuliza: Jina lako kamili nani? Ofisi yako iko wapi? Leseni yako ya mwaka huu iko wapi? Kijana mwenye simu anaweza pia kulitafuta jina hilo katika mtandao wa Mahakama. Mhuri peke yake usikutishe. Mihuri inachongwa mitaani.

Je, ni lazima kuweka wakili unapouza shamba la kijijini? Si lazima. Kilicho lazima ni halmashauri ya kijiji. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imeiweka ardhi ya kijiji chini ya usimamizi wake. Mtu asiye mkazi hawezi kununua shamba lako kwa siri nyumbani kwako, halafu akasema ni lake. Lazima halmashauri ikae na kuridhia. Na hapa nisikilizeni vizuri, maana wapo watakaonikasirikia. Mhuri wa mwenyekiti si kikao. Sahihi ya mtendaji si kikao. Kikao kina muhtasari, kina tarehe, kina majina ya waliohudhuria. Uliza muhtasari. Wakili mzuri naye ataanza kwa kuuliza huo.

Wakili anafaa sana jambo linapokuwa zito. Mnunuzi ni kampuni. Shamba ni la mirathi na warithi ni wengi. Kiwanja kiko mjini Kibiti na kina hati. Au umeitwa kwenye Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Lakini kwenye Baraza la Kata wakili haruhusiwi kumsimamia mtu, na tangu mwaka 2021 baraza hilo linasuluhisha tu, halikati kesi. Mtu akikudai fedha ili akuwekee wakili kwenye Baraza la Kata, anakula fedha yako.

Jambo jingine ambalo watu hawalijui: wakili aliyeletwa na mnunuzi ni wakili wa mnunuzi. Atakuwa mpole, atakuagizia soda. Bado ni wake. Wako mtafute mwenyewe, mpatane malipo kabla ya kazi, na udai stakabadhi. Kama huna fedha, ipo Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Wako wasaidizi wa kisheria wanaowasaidia wasio na uwezo bila malipo. Uliza ofisi ya maendeleo ya jamii wilayani.

Hata ukiwa na wakili, yapo mambo ya kwetu ambayo mtu wa mjini huenda asiyaone. Mwambie. Umeuza minazi tu, au minazi pamoja na ardhi yake? Mpaka ni mwembe upi? Nyumba ya ndoa je, mke amekubali? Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 hairuhusu mume kuiuza bila ridhaa ya mkewe, wala mke bila ridhaa ya mumewe. Na mikoko ya delta ni hifadhi ya Serikali. Hakuna wakili duniani anayeweza kukuandikia kuwa umeinunua.

Sasa nirudi kwa yule mama. Alikwenda Baraza la Ardhi la Kijiji. Baraza hilo lina wajumbe 7, na wanawake wasipungue 3. Mnunuzi aliitwa mara mbili hakutokea. Mara ya tatu alikuja. Mtendaji alifungua daftari la mihtasari mbele ya watu wote. Hapakuwa na kikao chochote kuhusu shamba lile. Wajumbe wakahesabu nazi zilizochumwa miaka mitatu. Wakapatana kuwa mama arudishe nusu ya fedha na shamba lirudi kwake. Katika nusu hiyo nami nilitoa sehemu. Hakuna aliyenilazimisha. Minazi minne ilikuwa imekwisha kukatwa mbao, na hiyo haikurudi.

Mama yule bado ananisalimia, na nikipita ananipa dafu. Msimu uliopita nilimpelekea fomu ya mbolea ya ruzuku. Nilimwonyesha pa kutia sahihi. Akaingia ndani, akatoka na miwani, akakaa barazani na kuisoma fomu yote tangu juu mpaka chini, mbele na nyuma. Mimi nilisimama juani nikangoja.