Kigali, mfadhili ni harusi

Kaka,

Nimefika salama. Pale Rusumo ukishavuka mto, dereva anahamia upande wa kulia wa barabara na wewe unarudisha saa nyuma kwa saa moja. Mwili unachelewa kukubali yote mawili. Kigali ni vilima juu ya vilima, na ukimuuliza mtu njia atakwambia ni hapo chini tu. Hapo chini napafahamu sasa. Miguu yetu ya Tanga haikuumbwa kwa kazi hii, nimewaachia watu wa pikipiki.

Uliniagiza nikutafutie wanamuziki, si mastaa: wale wanaolipa studio kwa fedha zao, wasio na lebo wala meneja. Nimewapata bila taabu. Wengi nimekaa nao Nyamirambo, upande wa Biryogo, kwenye ule mtaa waliouzuia magari, wakaipaka lami yake rangi na kupanga meza katikati ya njia. Kiswahili hapo kilikuwepo siku nyingi kabla ya mwaka 2017 kilipofanywa lugha rasmi ya nchi. Lafudhi inayumba kati ya Bujumbura na Bukavu, lakini chai ina tangawizi na hakuna anayekuharakisha.

Kwa ushamba wangu nilianza na swali ambalo kila mgeni huanza nalo: BK Arena. Ukumbi ulifunguliwa 2019, unachukua watu 10,000. Kendrick Lamar alipiga humo Desemba 2023, John Legend akafuata Februari 2025. Mpiga gitaa niliyekuwa naye alisema ndiyo, ameingia mara kadhaa, na kila mara alikata tiketi. Akacheka, mimi nikaagiza chai nyingine.

Basi nikauliza kodi ya nyumba inatoka wapi. Hapo ndipo mazungumzo yalipochangamka, maana jibu ni lile lile unalolijua wewe na udi wako wa taarabu: harusini.

Lakini harusi ya huku ina mpango wake. Kuna siku ya gusaba, ya kuposa na kutoa mahari, nyumbani kwa upande wa binti au kwenye bustani iliyokodiwa. Pande mbili zinakaa zikitazamana chini ya mahema, na kila upande una msemaji wake. Wasemaji hao hutaniana na kutegana kwa maneno mpaka wageni wanashika mbavu. Ng'ombe wanatajwa na kusifiwa kwa mashairi. Wacheza ngoma wa intore wanaingia na nywele zao za katani. Na pembeni, kama familia inajiweza au inapenda mambo ya kwao, anakaa mpiga inanga.

Inanga nimeishika kwa mikono yangu. Ni ubao mrefu uliochongwa ukawa na bonde katikati, na uzi mmoja mrefu unapitishwa huku na huku kwenye meno ya ncha zote mbili, ndio unaotoa hizo nyuzi zote. Mpigaji anailaza mapajani, anaanza taratibu, na sauti yake anaishusha karibu na mnong'ono. Zamani nyimbo za inanga zilikuwa habari za wafalme na mashujaa, na mpigaji kwa kawaida alikuwa mwanamume. Sophie Nzayisenga, ambaye jina lake linatajwa kila inanga inapotajwa, alifundishwa na baba yake, Kirusu, tangu akiwa mtoto. Siku hizi wasichana wanaojifunza hawashangazi mtu.

Kijana niliyezungumza naye ana inanga mbili: moja ya harusini, iliyofungwa kinasa sauti ili isimezwe na spika, na nyingine ya nyumbani, ya kutungia. Ananiambia bei hupatanwa kabla, nusu inaingia kwenye simu siku ya kukubaliana, nusu baada ya kazi. Miezi ya kiangazi, Juni hadi Agosti, Jumamosi moja anaweza kupanda vilima viwili. Aprili ni kimya. Kuanzia tarehe 7 nchi inaingia katika wiki ya maombolezo ya mauaji ya kimbari na sherehe husimama. Hakuna hata mmoja aliyelitaja hilo kama hasara, nami sikuuliza zaidi.

Nilichokuja kukiona polepole ni kwamba harusi inawalisha na pia inawabana. Inanga iko hai kwa sababu wazazi wa bibi harusi wanaitaka; sidhani kama kuna tamasha au wizara iliyoifanyia kazi kubwa kuliko hiyo. Lakini wazazi hao hao hawataki kusikia wimbo ulioutunga juzi. Mpiga gitaa wangu amesoma katika shule ya muziki ya serikali, ile iliyoanzia Nyundo karibu na Ziwa Kivu mwaka 2014 chini ya Jacques Murigande, Mighty Popo, na baadaye ikahamia Muhanga. Shule hiyo ndiyo iliyowatoa akina Ariel Wayz na Kenny Sol. Yeye hotelini na harusini anaombwa karahanyuze, nyimbo za zamani, za Orchestre Impala na wenzao. Nilidhani atalalamika. Alilalamika, kisha akanikumbusha kwamba André Sebanani, sauti kubwa ya Impala, aliuawa 1994, na nyimbo zake lazima ziwe na wa kuziimba. Baada ya hapo malalamiko yake yalikuwa juu ya saa tu: tangu Septemba 2023 kumbi zinafungwa saa saba usiku siku za kazi na saa nane mwisho wa wiki, kwa hiyo bendi inaanza mapema watu wakiwa bado wanakula.

Nyimbo zake mwenyewe anazirekodi chumbani Kimisagara, magodoro yameegemezwa ukutani, na jirani mwenye watoto wanne anapewa taarifa mapema. Nilisikiliza mbili. Moja ni nzuri sana. Nyingine ina kinanda kingi mno, nikamwambia, akanuna kidogo.

Yupo pia dada mmoja, mhasibu mchana na mwimbaji usiku. Nilimshawishi aimbe Kiswahili, nikamtajia Bruce Melodie, ambaye "Funga Macho" yake ilimfikisha kwa Shaggy mwaka 2023, na kwaya ya Ambassadors of Christ ya Remera, ambayo "Kwetu Pazuri" imeimbwa mpaka kwenye misiba ya kwetu. Alisikiliza kwa adabu. Kiswahili chake, alisema, ni cha sokoni Kimironko, na hawezi kutunga kilio kwa lugha anayopatania nayo bei ya nyanya. Sikuwa na la kujibu. Na kazi ya ofisini haachi. Aliniorodheshea mifano: Tom Close, mshindi wa kwanza wa shindano la Guma Guma mwaka 2011, ni daktari, amewahi kuongoza kituo cha damu hapa Kigali. Wale wa kundi la The Good Ones wamepiga Ulaya na albamu zao zimesifiwa, lakini mwimbaji wao Adrien Kazigira ni mkulima na baadhi ya nyimbo zimerekodiwa shambani kwake, nje, bila studio. Guma Guma yenyewe, iliyodhaminiwa na kampuni ya bia, mara ya mwisho ilikuwa 2018. Mdhamini anachoka, alisema. Mshahara unaingia kila mwisho wa mwezi.

Kesho ni umuganda, kazi ya pamoja ya Jumamosi ya mwisho ya mwezi. Mpaka saa tano asubuhi watu wako na majembe na mafagio, maduka yamefungwa, kwa hiyo nitapata muda wa kulala.

Kijana wa inanga ana swali kwako. Nilimsimulia jinsi watu wanavyomtunza mwimbaji wa taarabu, noti moja moja mpaka jukwaani, na hakulala vizuri siku ile. Huku kwao mgeni akiguswa humtumia fedha mpigaji mwenyewe kwenye simu, na mpiga ngoma aliyekaa nyuma haoni kitu. Anataka kujua ninyi Tanga mnagawanaje zile noti kati ya mwimbaji, wapigaji na mwenye vyombo, na nani anazihesabu. Mjibu kwa sauti, si kwa maandishi. Kiswahili cha kusoma kinamchosha.

Wasalaam,
Mdogo wako