IFAKARA: STORI YA MSUBA KWENYE SAHANI YA UBWABWA

Washkaji, kama hujafika Ifakara umekosa. Basi likiacha barabara kuu pale Mikumi linakutumbukiza Kidatu kwenye bahari ya miwa, halafu milima ya Udzungwa inakuganda mkono wa kulia mpaka uichoke. Mjini kwenyewe baiskeli ndiyo mpango mzima. Jamaa kapakia gunia la mpunga, mke na kuku wawili, na bado anakupigia kengele umpishe!

Kwenye basi nilikaa na dogo mmoja, kofia kaigeuza nyuma, mdomo haupumziki.

"Braza, Unyamwezini bangi inauzwa dukani, na risiti unapewa. Kweli si kweli?"

Kweli, nikamwambia. Jimbo la Colorado walipiga kura mwaka 2012, maduka yakafunguliwa Januari 1, 2014, na mwaka 2021 peke yake mauzo yalipita dola bilioni 2. Dogo akapiga mluzi. Akachungulia dirishani, bonde la Kilombero limelala kijani hadi macho yanapoishia.

"Sasa sisi tunang'ang'ania mpunga wa nini?"

Nilicheka, lakini cheko la meno tu. Nilikuwa naenda kwa mjomba, na mwanawe yuko ndani kwa mambo hayohayo.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mjomba, karibu. Dar hawajambo?"

Ubwabwa ulipofunuliwa, chumba kizima kilinukia. Mchele wa kule si mchezo, mpenzi msomaji. Huu tunaouziwa Dar kwa jina la Ifakara mwingine ni jina tu. Nikajisahau, nikaanza kumwaga stori ya Colorado. Mjomba akanawa mikono kabla hajashiba.

"Na mizani anashika nani?"

Nikakwama. Akaendelea polepole, kama anayehesabu magunia. Mpunga ni halali tangu enzi za babu zake, lakini mwezi wa sita, kila mtu akivuna, bei inaanguka na mchuuzi anataka lumbesa. Mwenye shida ya ada ya shule anauza mpunga ungali shambani. Mwanawe alikuwa na shida. Tajiri fulani wa mjini akaleta mbegu na hela ya kutangulizia, dogo akapanda robo eka katikati ya mahindi. Polisi walipokuja walimkuta yeye na jembe. Tajiri hajaonekana mpaka leo. Sheria ya mwaka 2015 haina utani: miaka 30.

"Ingekuwa halali angekuwa hapa anakula," nikasema.

"Angekuwa hapa, sawa. Shamba lingekuwa la nani?"

Hapo ikabidi nimweleze na upande wa pili. Malawi waliruhusu kilimo cha bangi ya dawa mwaka 2020, lakini leseni ni maelfu ya dola. Huko Colorado bei ilivyoporomoka, mauzo ya 2023 yalishuka hadi kama dola bilioni 1.5, na wakulima wadogo wengi wakafunga virago. Mjomba akatikisa kichwa. Hakufurahi, wala hakushangaa.

Alfajiri alinifungia kilo tano za mchele kwenye keria ya baiskeli, tukakokota mpaka stendi. Dogo alihukumiwa 2019. Mjomba ana miaka 68.

"Ukipata nafasi kamwone," aliniambia. "Usimpe habari za Colorado."