Sufuria za Bibi Harusi

Binti wa dada yangu anaolewa Mfungo Mosi, inshallah, nami nimekabidhiwa fedha za vyombo vyake vya jikoni. Mwenyewe ameipenda seti ya vipande 12 isiyoshika chakula, ya rangi ya waridi, yenye vifuniko vya kioo. Ni nzuri kuitazama. Lakini wali utapaliwaje makaa juu ya kioo chenye kishikio cha plastiki? Na utando ule wa ndani hauwezi upawa wa chuma wala waya wa kusugulia. Chombo kitupu kikisahauliwa motoni hata kikapita nyuzi 260 za selsiasi, utando huanza kuharibika.

Kwa fedha zizo hizo namnunulia vyombo vitatu. Kwanza sufuria nzito ya alumini ya wali, yenye kifuniko bapa cha kubebea makaa. Ya pili ni ya stili, kwa mchuzi wa ukwaju na ndimu, kwani uchachu huila alumini na kuacha ladha ya madini. Iwe ya kitako kinene; katika stili nyembamba moto hukaa mahali pamoja, mchuzi ukaungua. Kisha kikaango kimoja cha utando, cha mayai tu, na mwiko wake wa mti. Kwa ile rangi amenuna kidogo, wala simlaumu.

Dukani hupitisha kidole ndani, penye misumari inayoshika mkono wa sufuria. Hapo ndipo mafuta hujificha. Ukoko nao hausuguliwi: hutiwa maji ya moto, ukafunikwa, mtu akenda zake kusali Isha.