Kihamba cha Mama

Kwetu Kilema, kwenye mteremko wa Kilimanjaro, kahawa ilikuwa ya wanaume. Baba ndiye aliyekuwa mwanachama wa chama cha msingi, na malipo ya pili yakitoka ni yeye aliyekwenda kuyapokea. Mama alikuwa msichana mdogo KNCU, chama kikuu cha ushirika cha wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro, ilipoandikishwa mwaka 1933. Akaja kuolewa kwenye ukoo wenye kahawa, akaihudumia kahawa hiyo mpaka uzeeni, na jina lake halikuingia katika kitabu chochote cha chama. Mimi nimestaafu kazi ya ugani wa kilimo. Nataka kueleza, kama mtu wa fani, ni nini hasa kilichokiweka hai kihamba chetu, yaani shamba la ukoo linalozunguka nyumba.

Ni samadi. Ng'ombe wetu hawakuchungwa, walikaa bandani wakaletewa chakula. Kihamba chenyewe kilikuwa kidogo, kimesongamana: juu miti ya mruka, chini yake migomba, kisha kahawa, kisha magimbi na maharage. Nafasi ya majani ya ng'ombe haikuwepo. Majani yalikuwa tambarare, kule upande wa Himo, na ndiko alikoshuka Mama na wanawake wenzake, kila mmoja na panga na kamba yake. Kushuka si kazi. Kazi ni kupanda mlima jua likiwa kali, mzigo kichwani, na nyumbani wanakusubiri ng'ombe wa kukamua na watoto wa kulisha. Ng'ombe walikula usiku, asubuhi samadi ikaenda kwenye mashina ya migomba, na migomba ikaipa kahawa kivuli na matandazo. Rutuba ya tambarare ilihamia mlimani hivyo, mzigo kwa mzigo, mwaka hata mwaka. Kahawa ya Baba ilikula kilichotoka kichwani kwa Mama.

Msimu wa kuchuma alikuwa mkali. Alitaka nyekundu tupu, na ukichanganya na mbichi alimwaga kikapu chote uanze kuchambua. Kahawa iliyochumwa leo humenywa leo, kwa hiyo jioni tulishika zamu kwenye mashine ya mkono. Usiku ilichachuka, asubuhi tukaiosha kwa maji ya mfongo, mfereji wetu wa asili, na kuianika kwenye vichanja, jicho moja likiangalia mawingu. Nakumbuka nikimwambia, "Mae, mikono imechoka." Akanijibu bila kuinua uso, "Uchovu haulipi ada, mwanangu. Zungusha."

Mengi yaliipata kahawa hiyo. Chulebuni, ugonjwa unaoozesha matunda ya kahawa, iliingia, tukajifunza kupiga dawa. Mwaka 1976 serikali ikavunja vyama vya ushirika, na KNCU ikarudi miaka ya 80. Lakini pigo lililouma lilikuwa la 1989, makubaliano ya kimataifa ya mgawo wa mauzo yalipovunjika na bei ikaporomoka. Nilikuwa nimeshaajiriwa, wadogo zangu wako sekondari. Kijijini wanaume walikaa wakizungumzia bei. Mama alikata mikungu akaenda sokoni Marangu Mtoni. Ndizi na maziwa vilikuwa vya wanawake tangu zamani, tena wanaume waliviona vitu vidogo, na vitu hivyo vidogo ndivyo vilivyowamalizia wadogo zangu shule.

Chuoni nilifundishwa kwa michoro kwamba shina la mgomba libaki na mimea mitatu: mama, binti na mjukuu. Nilikuwa nimeshaliona hilo likifanywa kwa panga kila wiki, na mwanamke ambaye hajawahi kukaa darasani. Kwa hiyo kwenye mafunzo yangu vijijini sikukubali wanawake wakae nyuma. Niliwaita mbele, kwa kuwa panga liko mikononi mwao.

Mama alifariki akiwa amevuka miaka 90. Tulimzika kihambani, kama ilivyo desturi, na kihamba kikabaki kwa kitinda mimba wa kiume, kama ilivyo desturi pia. Sina ugomvi na mdogo wangu, anakitunza vizuri. Ugomvi wangu ni kwamba Mama aliishi juu ya ardhi ile tangu aolewe, na hakuna karatasi hata moja inayosema ilikuwa yake. Sheria haikumnyima. Mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa. Na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inampa mwanamke haki ya ardhi sawa na mwanamume.

Basi wewe ambaye mama yako angali hai, na kijiji chenu kinatoa hati za kimila, kaa na baba na ndugu zako mzungumze. Jina lake liandikwe kwenye hati akiwa anaona.